Nyumba ya Tisini na Tano

Kipindupindu hakina adabu. Kingeweza kuja mwezi wa Januari watu wakiwa wamekaa tu, au Aprili kikasingizia mvua. Lakini wapi. Kilingoja wiki ya harusi ya Kezia, tena harusi ambayo Kezia mwenyewe ameingoja miaka ishirini na miwili, ndipo kikapiga hodi Nyumba Mia.

Nyumba Mia ni mtaa wa zamani wa baraza la jiji, nyuma ya Shauri Moyo ukielekea Jogoo Road, na jina lake halina siri. Zilijengwa nyumba mia moja, zikapigwa namba, basi. Vibanda vya mabati vilivyochipuka uani baadaye hatuvihesabu, ingawa utaona jinsi vilivyotaka kuhesabiwa kwa nguvu. Kezia anakaa namba thelathini na saba na Obonyo, fundi wa karakana ya reli, pamoja na watoto wao watatu, mkubwa wao Jacklyne. Walianza kwa njoo-tuishi, bila ndoa, kama wengi wetu. Yeye alikuja na begi moja na sufuria mbili, na Obonyo akasema harusi ya kanisani itakuwa Desemba. Hakutaja mwaka.

Mara ya kwanza tarehe ilipopangwa, mjomba wa Obonyo akafariki, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Mara ya pili ukawa uchaguzi. Mara ya tatu fundi wa suti akahama na kitambaa. Mara ya nne korona. Kila mara Obonyo alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, halafu jioni hiyo akala ugali maradufu.

Na Kezia je? Kila Jumapili huketi benchi la nyuma, kwa sababu mabenchi ya mbele ni ya chama cha akina mama, wale wa vitambaa vyeupe kichwani, na chama hicho hakimpokei mwanamke ambaye hajafunga ndoa madhabahuni. Kezia hufagia kanisa. Kezia huchemsha chai askofu akija. Lakini akina mama wakisimama kuimba, yeye hubaki nyuma akiwashikia mikoba. Siku moja alihesabu mikoba kumi na minne mapajani pake, na hata usoni alikuwa amefunikwa na mmoja. Alicheka siku ile, lakini alipofika nyumbani alilia jikoni akasingizia vitunguu.

Kwa hiyo safari hii alipanga mwenyewe. Jumamosi, saa nne asubuhi. Mchungaji alikubali, keki iliagizwa, na pilau alipewa Muhiba, jirani wa namba thelathini na nane, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka Mombasa na ambaye watu huhudhuria matanga ya wasiowajua ilimradi wamesikia yeye ndiye mpishi.

"Hii ikiahirishwa hakuna nyingine," Kezia alimwambia Muhiba. "Namjua Obonyo. Atakuwa akitafuta kisingizio mpaka tuzikwe."

"Hatuahirishi kitu, shoga yangu," akasema Muhiba. "Labda dunia iishe, na hata hiyo itangoja nipakue kwanza."

Hayo waliyasema Jumamosi. Jumapili, watu watatu wa safu ya chini wakashikwa na tumbo, wakakimbizwa hospitali wakiwa wamekauka kama dagaa. Walipona wote, nakwambia mapema usije ukahuzunika bure. Lakini jibu la maabara lilikuwa moja tu, na Jumatatu saa mbili asubuhi kaunti ilikuwa imeshatua.

Ilikuja na lori la maji, gari la kipaza sauti, na vijana wa buti za mpira waliopuliza dawa kila mahali, mpaka kwenye viatu vya waliosimama kutazama. Bomba la mtaa likatiwa mnyororo, maana mtaro wa maji machafu ulikuwa umepasuka kando yake. Vibanda vya chakula vikafungwa. Mama wa chapati akafunga, mchoma mahindi akafunga, na jamaa mmoja muuza miwani naye akafunga, sijui kwa nini, nadhani hakutaka kubaki peke yake.

Aliyeongoza msafara aliitwa Nyamai, afisa wa afya, mwanamume mwembamba mwenye koti la kung'aa na ubao wa kuandikia aliokuwa ameukumbatia kifuani. Kwetu kila anayevaa koti la afya ni Daktari, na yeye alishachoka kukanusha. Alipanda juu ya kreti ya soda karibu na bomba akasoma amri: kuchemsha maji, kunawa kwa sabuni, kutouza chakula kilichopikwa, na kutofanya mkusanyiko wowote wa kula na kunywa mpaka kaunti itakapotangaza.

Kezia akainua mkono. Alikuwa mstari wa mbele na kizibao chake cha buluu, kwa sababu yeye ndiye mhudumu wa afya wa jamii hapo mtaani, yule anayejua nani ana presha na nani anajifanya hana.

"Daktari, na harusi?"

"Harusi ni mkusanyiko, mama. Ni lini?"

"Jumamosi."

Nyamai akatazama ubao wake kwa muda, labda akitumaini kuna mahali pameandikwa harusi. Hapakuwa na mahali. "Sikiliza," akasema. "Tumepewa chanjo ya kunywa. Nyumba tisini na tano katika hizi mia zikichanjwa, kila aliye ndani, kabla ya Alhamisi saa kumi na moja jioni, Ijumaa naondoa marufuku. Zikipungua hata moja, tunaongeza wiki mbili. Hizo si sheria zangu, mimi nimetumwa."

Umati ukaguna. Muhiba akamvuta Kezia mkono. "Mchele kilo hamsini ushachaguliwa mawe," akasema. "Mimi siurudishi sokoni Muthurwa. Vaa viatu."

Jioni ile Obonyo aliposikia habari alijaribu kusikitika, na nampa haki yake, alijitahidi. Alikunja uso. Alishika kidevu. "Mambo ya serikali hayo, Mama Jacklyne," akasema. "Tutafanyaje? Tusogeze mpaka Desemba."

"Desemba ya mwaka gani?"

Obonyo akaona afadhali aongeze mboga.

Jumanne alfajiri Kezia alikuwa na kiboksi cha barafu begani, kalamu ya wino, na paketi ya chaki. Kazi yenyewe si ngumu. Ni kichupa cha plastiki kisichozidi kidole. Unakivunja shingo, unamfinyia mtu mdomoni, anakunja uso kwa sababu kina ladha ya sarafu iliyolowa, unamshukuru. Kisha unampaka wino wa zambarau kwenye ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, wino ule ule wa kupigia kura. Wakimaliza kunywa wote wa nyumba hiyo, unachora tiki ya chaki mlangoni. Kama kuna aliyekosekana, au mlango umefungwa, unachora sifuri ili ukumbuke kurudi.

Alianza na nyumba yake. Watoto wakanywa, yeye akanywa. Obonyo akanyoosha mkono wa kushoto huku anatafuna mkate.

"Mimi nilipewa kazini jana."

Kezia akautazama ule mkono. Kucha za Obonyo ni nyeusi kwa oili tangu siku walipojuana. Hata wangemtia chupa nzima ya wino usingeona kitu. Akamwamini. Akachora tiki kubwa kwenye mlango namba thelathini na saba, na kwa kweli aliichora kwa mbwembwe, ya kwanza mtaani.

Siku ile alipiga nyumba hamsini na nane. Muhiba alimfuata nyuma na ndoo ya maji ya kunawa, akiwatisha wanaume waoga. Jioni Kezia alilala na viatu, na ndotoni alikuwa amesimama benchi la mbele akiimba sauti ya pili.

Jumatano ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa furaha.

Nyumba namba moja ndiyo duka la Mzee Abdurahim. Mzee huyu ana kumbukumbu ndefu, na kumbukumbu ndefu ni hatari ikikutana na chaki. Miaka mingi iliyopita, watu wa mipango walifika mtaa wa jirani wakiwa na chaki. Walihesabu milango, wakaiwekea alama, wakaenda zao bila maneno mengi. Baada ya miaka miwili wenye alama wakapewa funguo za ghorofa. Abdurahim siku hizo alikuwa akikaa huko, lakini wiki ya chaki alikuwa amekwenda Mombasa kumzika dada yake. Mlango wake ukakosa alama, naye akakosa ghorofa. Sasa anaamka anaona kaunti mtaani, ubao wa kuandikia, namba za nyumba, na tiki ya chaki. Chanjo alikunywa, ndiyo, kwa adabu. Lakini Abdurahim si mtoto. Alijua chanjo ni njia tu ya kuwafanya watu watoke nje wahesabiwe.

Akachukua chaki dukani kwake, akaweka tiki kwenye stoo. Akaweka nyingine kwenye banda la kuku. Jirani akamuona, akauliza. Abdurahim akamnong'oneza, na akamsihi asimwambie mtu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kufikia saa nne, lilikuwa limefika mpaka Makadara.

Sijawahi kuona mtaa ukichangamka vile. Chaki zilikwisha madukani. Waliokuwa na sifuri waliifuta wakajichorea tiki wenyewe. Jiko la nje likapata tiki. Choo kikapata tiki. Familia moja iliweka pazia katikati ya chumba, ikapasua dirisha likawa mlango wa pili, ikalitia tiki. Kijana mmoja aitwaye Kimanzi, aliyehama miaka sita iliyopita, alirudi na kiti cha plastiki akaketi nje ya nyumba aliyokuwa akikaa zamani, akimwambia kila apitaye, "Niaje, mimi bado ni wa hapa." Kezia alipofika naye akamwomba, "Mathe, nichoree ka-tiki kangu tu. Hata kadogo."

Kezia alidhani watu wamependa chanjo. Hebu fikiria. Kila alipogeuka aliona tiki, akajua Muhiba amempigia safu moja, au watu wa kaunti wamemsaidia. Moyo wake ulikuwa juu kama kishada. Saa tisa alasiri Nyamai akapita kuhesabu. Alihesabu mtaa mzima, akarudi mwanzo, akahesabu tena, kisha akaja kusimama mbele yake.

"Mama Jacklyne, mtaa huu una nyumba ngapi?"

"Mia moja, Daktari."

"Nimepata tiki mia moja na sitini na tatu."

Kezia akageuka kuitazama milango.

"Moja iko kwenye mkokoteni," Nyamai akaendelea kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mkokoteni ulikunywa?"

Kezia alijua si wakati wa kucheka. Alibana midomo, akatazama pembeni, na pembeni ndiko alikomwona jogoo wa Abdurahim ametoka bandani na chaki mgongoni. Kicheko kikamtoka chote, machozi yakamtiririka, na Muhiba naye akaangusha ndoo. Nyamai aliwangoja wamalize. Hakucheka hata kidogo, ila kona ya mdomo wake ilitikisika.

"Nikipeleka karatasi hii ofisini watanifuta kazi," akasema. "Kesho naanza upya, tena nitapita mwenyewe na wewe. Sihesabu mlango. Nahesabu ukucha. Saa kumi na moja ni ile ile."

Hapo kicheko kikaisha. Kezia alikwenda moja kwa moja dukani kwa Abdurahim, akiwa na hasira ya kutosha watu wawili.

"Mzee, shikamoo. Hakuna ghorofa."

"Marahaba, mwanangu. Wote husema hivyo mwanzoni."

"Hakuna ghorofa, Mzee. Kuna kuhara. Watu watatu wametundikiwa maji hospitali, na wewe umechanja kuku."

Abdurahim akapanga upya pakiti za majani ya chai ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mimi ile ya kwanza niliikosa kwa siku mbili tu," akasema. "Nilikuwa nazika. Marehemu mke wangu alikuwa ashachagua ghorofa ya tatu, apate upepo. Nikajisemea, safari hii hata wakija kuhesabu paka, nitakuwepo."

Hasira ya Kezia ikakosa pa kukaa. Akavuta gunia la mchele akaketi, akamweleza kuhusu Jumamosi, na Desemba zote zilizopita, na mikoba. Hakuwa na nia ya kumweleza, yalitoka tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Lo," akasema. "Kumbe nimekufungia harusi."

"Nusura."

Akachukua kitambaa, akakichovya maji, akatoka. Alifuta tiki ya stoo, akafuta ya banda la kuku, akamkamata jogoo. Kisha akasimama katikati ya njia na sauti yake ya kuitia wadeni. "Jamani, mimi ndiye niliyesema na mimi ndiye ninayefuta. Hakuna ghorofa. Kesho kila mtu atoe mkono wa kushoto. Asiyekunywa, anywe. Jumamosi tunataka pilau."

Na nikwambie ukweli, neno la mwisho ndilo lililofanya kazi. Kuhara watu walikuwa wamezoea kukusikia, lakini pilau ya Muhiba ni jambo zito.

Alhamisi ilikuwa sikukuu. Watu waliketi milangoni tangu asubuhi, mikono ya kushoto imenyooshwa, na watoto walikuwa wakikimbia mbele ya Nyamai wakipiga kelele kwamba ukucha unakuja. Familia ya pazia ilitoa pazia, ikanywa, ikahesabiwa moja. Kimanzi alikunywa, akaambiwa akahesabiwe anakokaa, akaondoka na kiti chake bila kinyongo. Mama wa chapati alitoa mkono wa kulia, akarekebishwa, akasema mtu akiogopa husahau hata jina lake, seuze mkono. Kila nyumba Kezia aliita namba, Nyamai aliinama akatazama kucha, akaandika. Sitini. Sabini na tano. Themanini na nane.

Nyumba nne zilikuwa na kufuli, wenyewe wamesafiri mashambani. Namba sitini alikaa Bwana Ndete, ambaye dini yake haimruhusu dawa ya aina yoyote. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akakataa kwa upole kabisa, na hawakumlazimisha. Hizo ni tano. Hakuna tena nafasi ya kupoteza hata moja.

Saa kumi na robo Nyamai akapiga hesabu yake juu ya kreti ya soda. "Nimeona tisini na nne kwa macho yangu. Iliyobaki ni thelathini na saba, na hiyo ni yako." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Sina haja ya kuipitia. Nakuamini. Tisini na tano. Saa kumi na moja napiga simu ofisini."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika Gikomba. Muhiba alishafunga leso kiunoni. Kezia alikimbia nyumbani kunawa uso, na hakukimbia kama mama wa watoto watatu.

Obonyo alikuwa ameshatoka kazini. Ameketi mezani, ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, na Kezia akasimama mlangoni akiutazama mkono ule. Kucha zilikuwa safi. Zilikuwa nyeupe kama za karani. Kulikuwa na brashi ya kufulia kwenye karai, na mafuta ya taa yalinuka, kwa maana alikuwa amezisugua kwa muda mrefu.

"Umeosha kucha," akasema Kezia.

"Si Jumamosi? Pete haiwezi kukaa kwenye grisi."

"Baba Jacklyne. Wino uko wapi?"

Obonyo akakitazama kidole chake cha mwisho kana kwamba kimemsaliti. "Kazini walisema watakuja," akasema. "Hawakuja."

"Na mimi uliniambia walikuja."

"Nilisema tu. Halafu nikaona, basi, kama itagundulika, labda..."

"Labda itaahirishwa."

Obonyo akaweka kikombe chini. Ni mtu wa maneno machache, na haya aliyatoa kama anayetoa misumari gurudumuni. "Kaka zangu watatu walifunga ndoa kanisani. Keki, picha, kila kitu. Leo wote watatu wanajipikia. Mimi na wewe tuna miaka ishirini na miwili na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili. Kezia, injini inayonguruma vizuri mimi siifungui. Ndivyo nilivyofundishwa. Nimesugua kucha saa nzima, na bado naogopa."

Kezia alitaka kumrushia brashi na alitaka kumkumbatia, yote kwa mkono mmoja. Miaka yote alidhani huyu mtu hamtaki vya kutosha. Kumbe alimtaka mpaka akashindwa kutikisika.

"Kwako inanguruma," akasema. "Kwangu, kila Jumapili inazimika."

Akatoa kichupa kimoja kwenye kiboksi, akakiweka mezani kando ya chai. "Sikulazimishi. Dawa hii haitolewi kwa nguvu, wala hiyo nyingine, ya kanisani."

Na hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Tiki ilikuwa mlangoni. Daktari alishaamini, alishaandika. Ilikuwa ni kunyamaza tu, dakika thelathini, na Jumamosi ingefika. Nani angejua? Kezia alisimama nje ya mlango wake akaitazama ile tiki, jinsi alivyoichora kwa mbwembwe. Tangu asubuhi alikuwa akiwaambia watu tiki si mapambo, ni mtu aliyekunywa. Na Obonyo hajanywa, na maji bado ni mabaya, na akifa kwa kuhara, harusi ataifunga na nani? Akaulamba mkono, akaifuta yote. Akachukua chaki, akachora sifuri. Sifuri ikatoka imepinda, lakini ilikuwa sifuri.

Alipofika bombani Nyamai alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Daktari, usipige. Thelathini na saba ni sifuri. Baba Jacklyne hajanywa."

Umati mzima ukamgeukia. Hata jogoo wa Abdurahim aligeuza shingo. Muhiba akaketi chini kwenye kibaraza. "Mganga hajigangi," akasema polepole, na hakusema kwa ubaya.

Nyamai akamvuta Kezia kando. "Mama, mimi nilishaandika. Si ungeninyamazia tu?"

"Ningekunyamazia, ningekuwa na tofauti gani na mkokoteni?"

Nyamai akatazama saa yake, kumi na moja kasoro dakika kumi na moja. Akachukua kalamu akakata tisini na tano, akaandika tisini na nne, na alikata kwa pole sana, kama anayefunika maiti. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Kezia hakulia. Alianza kukusanya vichupa vitupu, maana kazi ni kazi, huku akijiambia kwamba Desemba si mbali.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Obonyo alikuwa anakuja. Amevaa fulana na kandambili, ameshika kichupa juu ya kichwa, na huyu mtu ambaye hukimbia mara moja kwa mwaka, alikuwa anakimbia.

"Hiki kinafunguliwaje?" akauliza.

Fundi wa reli, miaka thelathini anafungua treni, amekwama kwenye plastiki. Mtaa mzima ukacheka, na Obonyo mwenyewe akacheka, na Kezia akakichukua kichupa akakivunja shingo bila kumtazama usoni kwa sababu alijua akimtazama atashindwa.

"Nilimdanganya mke wangu," Obonyo akawaambia watu kwa sauti. "Naye amenichorea sifuri mlangoni kwangu. Nimepita hapo nikaiona. Sijawahi kuandikwa vizuri kama hivyo." Akapanua mdomo. Akameza, akakunja uso, akatikisika mwili mzima, akanyoosha kidole. Nyamai akakipaka wino, na ule ukucha mweupe ukawa zambarau mpaka nyamani.

"Tisini na tano," akasema Nyamai. Kisha akasema tena kwenye simu.

Siwezi kukueleza kelele. Muhiba alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Abdurahim alimkumbatia Nyamai na ubao wake. Akina mama wanne wa vitambaa vyeupe waliokuwa wamekuja kutazama walianza wimbo bila kupatana ufunguo, kila mmoja na wake. Obonyo alisimama katikati akitangaza kwamba Jumamosi ni saa nne na yeye atakuwa pale saa tatu, na kwamba atakayechelewa atakuwa mtu mwingine.

Na Kezia? Akaketi juu ya kiboksi cha barafu, mikono imekufa mapajani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisukuma mlango, na sasa mlango ulikuwa umefunguka ghafla na yeye bado anasukuma. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Hapakuwa na uchaguzi, hapakuwa na korona, hapakuwa na kitu chochote katikati.

"Daktari," akaita kwa sauti ndogo. "Una hakika ulihesabu vizuri? Hebu rudia. Huenda ni tisini na nne."

Nyamai akageuka taratibu. Muhiba akaweka mikono kiunoni. "Alaa," akasema. "Sasa na wewe?"

Obonyo akaja akaketi kando yake kwenye kiboksi, na kiboksi kikalia.

"Unaogopa?"

"Sana."

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu, miaka yote hii," akasema Obonyo. Akaushika mkono wake, wino ukiwa bado mbichi ukawapaka wote wawili, na wakaanza kucheka bila kuweza kujizuia, mpaka Nyamai alipokuja kuwaomba wainuke kwa sababu ndani ya kiboksi bado kulikuwa na chanjo za kaunti.